Kifo Kisichoandikwa Daftarini: Gharama za Afya ya Kuku na Faida ya Mfugaji wa Singida



Nimeombwa kuzungumzia faida ya ufugaji na gharama za afya ya mifugo vijijini. Muda wangu mwingi nitaupa kuku wa kienyeji. Najua wapo watakaoona nimeacha ng'ombe nikashika kitu kidogo, lakini nimefanya hivyo kwa makusudi. Kuanzia Iramba na Mkalama hadi Ikungi, Manyoni na Itigi, ni vigumu kukuta ua usio na kuku, hata kwenye kaya isiyo na ng'ombe wala mbuzi. Jina la mkoa huu wa Singida limejulikana katika masoko ya Dar es Salaam kwa kuku wake. Na kuku hao mara nyingi ni wa mama. Sare ya mtoto, chumvi, sabuni na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali hutoka kwao wakati alizeti bado iko shambani. Kwa hiyo tukijadili afya ya kuku, tunajadili fedha ya kwanza ambayo mwanamke wa kijijini anaweza kuishika bila kuomba ruhusa.

Tufanye hesabu ya kaya moja. Tarakimu hizi ni za mfano, na kila mmoja anaweza kuweka za kwake. Mama ana matetea 5. Kuku anayejitafutia chakula huatamia kama mara tatu kwa mwaka. Tuseme katika kila uzao vifaranga 4 wanamkwepa mwewe, kicheche na baridi hadi wakawa kuku. Kwa mwaka ni kuku 60. Wageni na familia wale 15, wabaki 5 kushika nafasi ya mama zao, na 40 wauzwe kwa shilingi 15,000 kila mmoja. Mama amepata shilingi 600,000. Sasa tuweke chanjo ya mdondo, tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, kwa wastani wa kuku 30 waliopo nyumbani. Tukilipia tone shilingi 100, mwaka mzima ni shilingi 12,000, yaani asilimia 2 ya mauzo.

Kisha tuiondoe chanjo, na mdondo uingie mwezi wa kumi. Kuku ambao hawajachanjwa wanaweza kufa karibu wote ndani ya siku chache. Kati ya 30 wabaki 2. Hata tukichanganya wakubwa na wadogo kwa wastani wa shilingi 10,000, zimepotea shilingi 280,000, zaidi ya mara ishirini ya gharama ya chanjo. Wala hasara haiishii hapo, maana matetea nao wamekwenda, na kundi litachukua muda mrefu kurudi lilipokuwa. Lakini mwulize mama huyo kuku wanamgharimu kiasi gani kwa mwaka. Atakujibu kwamba kuku wa kienyeji hana gharama. Anasema kweli kwa kadiri ya fedha iliyotoka mkononi mwake. Kifo hakina risiti, na kwa sababu hiyo hakiingii katika hesabu yake, katika taarifa ya kijiji, wala katika mpango wa maendeleo wa kata.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha mada hii. Gharama kubwa kuliko zote ya afya ya mifugo katika mkoa wetu hailipwi dukani. Hulipwa kwa vifo na kwa mauzo ya hofu, na ndiyo maana huduma inayoweza kuizuia huonekana kama mzigo.

Isitoshe, fedha kidogo inayotoka huenda pasipofaa. Kuku wakianza kukoroma, kuharisha kijani na kupinda shingo, watu hukimbilia kapsuli za antibaotiki dukani, za binadamu au za mifugo, na kuzifungulia ndani ya maji ya kunywa. Wengine hutumia pilipili, mwarobaini au shubiri. Mdondo, ambao wengi wetu tunauita kideri, unasababishwa na kirusi, na hakuna antibaotiki inayokiua. Dawa hizo huacha usugu wa vimelea, na huenda zikamwachia mlaji mabaki ndani ya nyama na mayai. Nawasihi wenzangu wa ugani tuliseme jambo hili kila tunapokutana na wafugaji, kwa maneno mepesi: mdondo hauna tiba, una chanjo.

Na chanjo ipo. Ile ya I-2 ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambako Profesa Peter Spradbrow na wenzake walitafuta chanjo itakayostahimili joto la vijiji visivyo na umeme. Hapa nchini hutengenezwa na taasisi zetu za serikali na hujulikana kwa jina la TEMEVAC. Mchanjaji anaweza kutembea nayo siku nzima ikiwa ndani ya kitambaa kibichi, kivulini, bila barafu. Kuidondosha hakuhitaji shahada, bali mkono uliotulia na mtu wa kumshika kuku. Kwa utaalamu, tatizo hili lilikwisha kutatuliwa miaka mingi iliyopita.

Kilichobaki ni huduma, na hapa naomba tusiharakishe. Chupa ya chanjo hubeba dozi za mamia, wakati kaya ina kuku 30. Ikishafunguliwa haikai muda mrefu. Mama hawezi kununua chupa peke yake, na duka la pembejeo lililo mjini halimuuzii matone thelathini. Ili chupa moja iishe siku hiyohiyo, lazima majirani kumi au zaidi wawe wamekubaliana siku, na kuku wasiachiwe asubuhi hiyo hadi mchanjaji apite. Hiyo ni kazi ya kupanga watu. Afisa mifugo mmoja mwenye kata ya vijiji kadhaa, vitongoji vilivyotawanyika na mafuta ya pikipiki ya kusubiri hawezi kuifanya mara nne kwa mwaka. Tukimlaumu tunamwonea.

Tulifikaje hapa? Kwa miaka mingi baada ya uhuru tiba na uogeshaji vilikuwa jukumu la serikali, na majosho mengi tunayoyaona leo, mazima kwa mabovu, ni ya enzi hizo. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yalileta uchangiaji na matarajio kwamba madaktari binafsi wa mifugo wangejaza nafasi. Walifungua maduka mijini, kwenye wateja. Eneo kavu kama letu, lenye mvua ya msimu mmoja na wafugaji walio mbali, halikuwavutia. Mwenye ng'ombe akabaki na bomba la sindano na chupa ya antibaotiki ya OTC aliyoinunua mnadani, akikisia kipimo. Mwenye kuku akabaki na pilipili.

Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Mfugaji huchangia shilingi 500 kwa ng'ombe, shilingi 300 kwa mbuzi au kondoo, na kuku huchanjwa bure. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila chanjo ya mdondo inayotolewa mara moja kwa mwaka humlinda kuku miezi michache tu, na vifaranga watakaoanguliwa baada ya timu kuondoka hawakuguswa. Na kuku wakifa mwezi wa kumi baada ya kuchanjwa mwezi wa pili, kijiji kitasema chanjo haifai. Imani ya watu kwa chanjo ikipotea, kuirudisha ni ghali kuliko chanjo yenyewe.

Nigusie wachuuzi, kwa heshima, maana bila wao Singida isingekuwa na soko. Mdondo ukisikika kitongoji cha pili, watu huuza haraka kwa bei yoyote. Kuku aliyekwisha kuambukizwa hutiwa tengani na wazima, hupitishwa vijiji vitatu vinne kwa baiskeli au bodaboda, na wasiouzwa hurudishwa. Tenga ambalo halijaoshwa hubeba kinyesi, na kinyesi hubeba kirusi. Mchuuzi naye hupoteza kuku njiani kuelekea Dar es Salaam. Ana kila sababu ya kutaka kununua kutoka kitongoji kilichochanjwa, na sioni kwa nini asimwongezee bei mama mwenye kadi ya chanjo.

Napendekeza kila kitongoji kiwe na mchanjaji wake, ikiwezekana mwanamke anayefuga kuku, aliyefunzwa na anayesimamiwa na afisa mifugo wa kata. Alipwe kwa tone. Pale chanjo yenyewe ni ya bure, alipwe ujira wa miguu yake, kwa sababu wanaojitolea huchoka baada ya mzunguko wa pili. Miezi iwe ya kudumu: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Mzunguko wa Agosti usikosekane kwa hali yoyote, kwa kuwa ndio unaotangulia kipindi kibaya cha mdondo. Malipo ya mwaka mzima yakusanywe Juni na Julai, alizeti na mtama vikishauzwa. Februari ni mwezi wa njaa, na kumdai mama shilingi elfu tatu wakati huo ni kumfukuza.

Waheshimiwa madiwani, mikopo ya asilimia 10 inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huenda pia kwenye miradi ya kuku. Kikundi kinachokopeshwa vifaranga bila ratiba ya chanjo kimekopeshwa deni. Ratiba iwe sharti la mkopo, na jina la mchanjaji liandikwe kwenye fomu ya maombi.

Mwisho, kila ofisi ya kijiji iwe na daftari la vifo vya mifugo lenye safu nne: tarehe, kitongoji, idadi na dalili. Likisomwa katika kamati ya maendeleo ya kata kila robo mwaka, diwani ataiona hasara kwa shilingi na atakuwa na hoja ya kupeleka kwenye bajeti. Naomba kata zilizo tayari kuanza na mzunguko wa Agosti zijitaje leo kabla kikao hakijafungwa, ili oda ya chanjo itoke kwa pamoja na wachanjaji wafunzwe kabla ya mwezi huo kufika.