Soma Kilichoandikwa: Mazungumzo na Vijana wa Ole



Nimeombwa nizungumzie kusoma kwa ufahamu, maana hapa barazani wapo wa kidato cha nne na wapo wanaotaka kusomea sheria nje. Makerere, kule Uganda, walianzisha mtihani wa kuingilia shahada ya sheria mwaka 2012. Marekani wana LSAT, na tangu Agosti 2024 wameyaondoa yale mafumbo ya kupanga watu na vitu. Yamebaki maswali ya kusoma habari na kupima hoja.

Basi tufanye zoezi. Katiba ya Muungano ya 1977, ibara ya 41(7), kwa maneno yangu: mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Lipi linatokana na maneno hayo?

A: Tanzania hakuna kesi za uchaguzi.
B: Rais aliyetangazwa ameshinda kwa haki.
C: Tume ikishatangaza urais wa Muungano, mahakama haichunguzi.
D: Ibara hii ni dhuluma.

Nasikia D nyingi! Mimi pia naamini D. Lakini mtihani haukuuliza tunaamini nini, umeuliza kilichoandikwa kinasema nini, na neno dhuluma halimo. A inanyoosha jambo kupita kiasi: ibara inataja Rais tu, na kesi za ubunge zinapelekwa Mahakama Kuu kwa ibara ya 83. B ndiyo mtego mbaya zaidi, na wenzetu wa chama tawala huutumia kila siku. Kutochunguzwa si sawa na kuwa sahihi. Jibu ni C.

Mnaona? Sisi wapinzani mtihani huu ni mgumu kwetu kwa sababu tunaingia na majibu mfukoni.

Kwa hiyo soma swali kwanza, ndiyo urudi kwenye habari. Zungushia duara maneno madogo: iwapo, isipokuwa, yoyote, baadhi. Kwa Kiingereza tazama "may" na "shall", maana moja inaruhusu na nyingine inalazimisha. Ukimaliza aya, funga karatasi umwambie mwenzio kwa Kiswahili, sentensi moja tu, imesema nini. Ukishindwa, hujaisoma, umeipitishia macho. Hili la kusimuliana ndilo lenye faida kuliko yote, na halina ada ya tuisheni.

Na D je? Wakili Jebra Kambole aliisoma ibara hiyo hiyo, akaiweka ubavuni mwa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha. Tarehe 15 Julai 2020 mahakama ikaamua kwamba ibara ya 41(7) inakiuka Mkataba. Alifika kwenye D, ila kwa kusoma maandishi mawili, neno kwa neno.

Jumamosi baada ya Alasiri tukutane hapa hapa, kila mtu aje na kalamu. Kazi ya nyumbani ni ibara ya 74(12): hakuna mahakama itakayochunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake kwa mujibu wa Katiba. Niambieni, hayo maneno "kwa mujibu wa Katiba" yanafanya kazi gani pale? Tume ikitenda kinyume cha Katiba, bado imekingwa?