Tulivyoliona Ziwa Katikati ya Jangwa

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanakisomo)



Tumeombwa tuwaeleze safari yetu ya Sibiloi. Tulikuwa watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake. Tulipanda lori, tukapita North Horr, tukaingia jangwani. Njia nzima ni mawe meusi na mchanga. Jua kali, upepo mkali. Tukaulizana, mnyama gani anaweza kuishi hapa?

Mara tukaliona ziwa. Loo! Maji hayo! Hilo ndilo Ziwa Turkana. Katika majangwa yote ya dunia, hakuna ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko hili. Mito inaingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji hukaushwa na jua, magadi hubaki. Tulipoyaonja, tukatema.

Sibiloi ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1973. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,570. Tuliona choroa na punda milia. Ufukweni mamba walilala midomo wazi. Huko Koobi Fora, ndani ya hifadhi, Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu la kale mwaka 1972. Fuvu hilo lina umri wa karibu miaka milioni 2. Kumbe wazee wa kale walikuwa majirani zetu!

Sasa tuseme lililotuuma. Mifugo hairuhusiwi hifadhini. Lakini kiangazi kikizidi, wachungaji huiingiza. Mzee mmoja wa kwetu akamwuliza askari wa wanyama, "Mwanangu, ng'ombe wangu afe, na nyasi naiona?"

Askari akanyamaza kidogo. Akajibu, "Baba, hata mimi nyumbani nina mbuzi. Lakini nyasi hii ikiisha yote, mwakani choroa hana kitu, na mbuzi hana kitu."

Hatukuridhika sote. Tulibishana mpaka usiku wa manane.

Tukasikia na jambo lingine. Katika kila ndoo kumi za maji yanayoingia ziwani, karibu tisa zatoka mto Omo wa Ethiopia. Huko limejengwa bwawa kubwa la umeme, Gibe III, lililozinduliwa mwaka 2016. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za ziwa hili katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Hapo mama mmoja akatufunga midomo. Alisema, "Tunamwomba jirani wa juu asitumalizie maji. Na sisi je, nyasi tunammalizia nani?"

Basi ndugu zetu, tumeandika barua, kwa mikono yetu wenyewe. Tunaomba wazee na wakuu wa hifadhi wakutane kabla ya kiangazi, si baada ya ng'ombe kukamatwa. Na sisi tutenge malisho yetu ya akiba, yasiguswe wakati wa mvua.

Barua hii hapa. Tutaisoma sasa hivi. Asiyekubali asimame aseme, kisha tuweke sahihi.