Sikukuu ya Mavuno Katika Nchi Yetu

Tumeagizwa tuseme machache juu ya Sikukuu ya Mavuno, kwa kuwa mwaka huu wa yubile kila mtaa utaifanya, nasi twajua ya kuwa mahali pengine maneno yamekwisha kuzuka: ngoma ipigwe au isipigwe, na vyakula gani viletwe mbele ya altare.

Sikukuu hii, kwa namna tulivyoipokea, ilitoka Uingereza. Huko, tangu Septemba hata Novemba, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Ngano imekwisha kuingia ghalani, na matunda yamechumwa. Wakulima wa huko tangu kale walikuwa na karamu yao ya kumaliza kuvuna, kwa nyimbo na kwa pombe. Hata mwaka 1843 padre mmoja, Robert Stephen Hawker wa Morwenstow katika Cornwall, aliwaita watu wake kanisani siku ya kwanza ya Oktoba ili wamshukuru Mungu kwa mavuno. Desturi ile ikaenea, makanisa yakapambwa kwa miganda ya ngano, maua na maboga. Angalieni neno hili: padre yule hakuagiza chakula cha nchi ngeni. Alivitwaa vile vilivyomea mashambani mwa watu wake.

Lakini sisi tuliipokea sikukuu pamoja na majira yake. Shuleni tulifundishwa kuyaita majira yale vuli. Na kwa kuwa vuli kwa watu wa pwani ni mvua ndogo, tukadhani Wazungu hushukuru hali wakinyeshewa. Tena tuliimba kwa Kiingereza wimbo wa mavuno ambao asili yake ni utungo wa Mjerumani Matthias Claudius, aliyeishi tangu 1740 hata 1815. Tafsiri ile yataja theluji. Tuliimba habari za theluji hali jasho latutiririka, wala hapana aliyecheka.

Huku kwetu kusini mvua huanza Novemba au Desemba, na mavuno huwa tangu Mei hata Agosti: mtama, mahindi, karanga, kunde, na baadaye mbaazi. Hata Oktoba nchi ikiwa kavu, korosho zaanguka chini ya mikorosho. Basi hatukupungukiwa na cha kuleta. Tulipungukiwa na ujasiri wa kukileta.

Twaungama mbele yenu jambo tulilolitenda wenyewe. Mwaka mmoja tulipewa kazi ya kupanga meza ya sadaka. Mezani palikuwa na mikate, mchele wa dukani, na soda katika chupa. Akaja bibi mmoja mzee, mjane, akichukua kikapu cha ming'oko. Ninyi mwaijua ming'oko, ile mizizi ichimbwayo porini kwa taabu nyingi, iliyowavusha wazee wetu wakati wa njaa. Tulikipokea kikapu, tukashukuru kwa midomo, kisha tukakiweka nyuma ya mlango, kwa kuwa wageni walikuwapo nasi tuliona haya. Bibi aliketi mahali alipoweza kukiona. Ibada ilipokwisha alikitwaa mwenyewe, akaenda zake, wala hakuonekana kanisani mpaka Kwaresima.

Na mnada nao watazameni vema. Vitu vikiuzwa baada ya ibada, jogoo wa mfanyabiashara hupandishwa bei kwa vigelegele, na fungu la mbaazi la maskini hununuliwa kwa kicheko. Fedha za kanisa zahitajiwa, hatukatai. Walakini katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 16, Waisraeli waliamriwa kuifurahia Sikukuu ya Vibanda siku saba, baada ya kukusanya mazao yao, pamoja na watumwa wao, na mgeni, na yatima, na mjane. Je, mjane aweza kufurahi mahali anapochekwa? Kwa hiyo twashauri mafungu madogo yasiuzwe kabisa. Yapikwe siku ile ile, na wote wale chungu kimoja, ugali wa mihogo kwa kisamvu na karanga.

Katika habari ya ngoma, wako wazee wanaosema kwamba tukiipiga tutarudi nyuma. Twawaheshimu, maana baadhi yao waliacha mengi kwa ajili ya imani. Lakini askofu wa kwanza wa Masasi, William Vincent Lucas, aliyewekwa mwaka 1926, hakuitupa hata jando, jambo zito kuliko sindimba. Aliitakasa, akaitia sala, ikawa ya Wakristo. Ikiwa yeye, mgeni, alithubutu, sisi wenyeji twaogopa nini? Pombe ikatazwe, na ngoma ikome kabla ya usiku. Hayo yatosha. Na waalimu wawafundishe watoto nyimbo za kupura mtama walizoimba bibi zao, kabla wale wazijuao hawajatutoka.

Bibi yule amekwisha kulala katika Bwana. Mwaka jana mjukuu wake, msichana wa shule, alikuja na kikapu kile kile, kimeshonwa ukingo kwa kamba mpya. Tulitoka nje kumlaki, tukakiweka mbele, mkono wa kuume wa altare. Jioni ming'oko ilichemshwa kwa chumvi, ikaliwa yote. Na padre, ambaye si mtu wa nchi hii, aliomba aongezwe.