Kuhamisha Choo Ghorofani: Bomba Litapita Wapi?



Anayekarabati bafu la ghorofani huanza kwa kufikiria vigae, sinki na mlango. Choo hukiona kama kiti tu: kikibana njia, fundi ataambiwa akisogeze ukuta wa pili. Lakini kinachohamishwa hasa ni bomba la majitaka, na bomba hilo haliishii ndani ya bafu lake.

Hesabu yenyewe ni fupi. Bomba la choo huwa na kipenyo cha milimita 100, yaani inchi 4, na mteremko uliozoeleka ni 1 kwa 40, sawa na sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kikiwekwa mita 3 kutoka kwenye bomba la wima, bomba litashuka sentimita 7.5. Ukijumlisha na unene wa bomba lenyewe, zinahitajika takriban sentimita 18. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15 haiwezi kulificha.

Hivyo ama sakafu ya bafu iinuliwe, bomba lipite juu ya zege, ama zege litobolewe na bomba lining'inizwe chini ya dari ya jirani. Kuinua sakafu huongeza uzito, kwa hiyo kifusi kisijazwe ovyo. Kuning'iniza kuna gharama nyingine: kiungo kikivuja, kinachodondokea kitanda cha jirani si majisafi. Ridhaa yake itafutwe kabla ya tundu la kwanza, na kifuniko cha kuzibulia kiachwe mahali panapofikika.

Ipo njia ya tatu, ipendwayo na mafundi wenye haraka: kuchimba mfereji ndani ya zege na kukata nondo zinazozuia. Hiyo ikataliwe. Kariakoo haijasahau jengo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu. Si kila nondo ikatwayo huangusha jengo, ila kujua ipi haina madhara ni kazi ya mhandisi, si ya fundi bomba.

Hewa nayo husahauliwa. Choo kikiwa mbali na bomba la kupumulia, maji yanayoshuka huweza kuvuta yale yanayokaa katika shingo ya choo, na harufu ikapata njia ya kuingia ndani. Mlio wa kugugumia baada ya kuvuta maji ndio dalili yake.

Majengo mengi ya katikati ya jiji yalitaifishwa mwaka 1971, na kadhaa yangali chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji wa humo aombe idhini ya maandishi kabla ya kugusa sakafu. Aliyenunua sehemu ya ghorofa atazame Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, inayotenganisha mali ya mtu na mali ya pamoja. Bomba la wima linalohudumia ghorofa zote si lake peke yake. Kibali huombwa Halmashauri, na chemba ya nje isifunguliwe bila DAWASA kujua.

Mara nyingi ingetosha mlango ufungukie nje, choo kikabaki kilipo. Ikishindikana, bomba jipya lizibwe, lijazwe maji na kuachwa kwa saa kadhaa kabla ya vigae kuwekwa, huku jirani wa chini akiitazama dari yake.