Jina ni la Mfanyakazi, Mali ni ya Nani?

(Mazungumzo kwa wanachama wa Kaloleni, Makongeni na Bahati)

Ndugu wafanyakazi,

Kila asubuhi twatoka mitaa yetu ya Eastlands kwenda Industrial Area, na wengi wetu twashika plastiki na nailoni kutwa nzima. Leo twataka kumfuata mtu mmoja wa mwanzo wa kazi hiyo, na tutamfuata kwa hati zake za uvumbuzi, yaani hataza.

Huyo ni Wallace Carothers, mtaalamu wa kemia wa Marekani. Mwaka 1928 aliacha kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard, akaajiriwa na kampuni ya DuPont. Hati namba 2,071,250, aliyoiomba mwaka 1931, yaeleza jinsi chembe ndogo zinavyofungwa pamoja kuwa mnyororo mrefu, kama mabehewa pale stesheni ya Makadara. Mnyororo huo ndio polima. Lakini nyuzi zake za kwanza zililegea kwa maji ya moto. Hakuacha. Mwaka 1935 yeye na wenzake wakapata nailoni.

Tarehe 9 Aprili 1937 ombi la nyuzi hizo lilipelekwa. Siku 20 baadaye Carothers, aliyeugua huzuni kwa miaka mingi, alijiua, naye ana miaka 41. Hati, namba 2,130,948, ilitoka Septemba 1938.

Sasa tazameni juu ya hati hizo. Jina la mvumbuzi ni lake, lakini mwenye hati ni kampuni. Alikuwa mtu wa mshahara kama sisi.

Jambo hili latuhusu. Kwa Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, uvumbuzi uliofanywa katika kazi ya kuajiriwa ni wa mwajiri, ila mkataba ukisema vingine. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba uvumbuzi ukiwa wa maana kubwa sana, mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, kwa kutazama mshahara wake na faida ya mwajiri.

Basi, ndugu, aliyebuni kifaa kipya cha mashine asikae kimya, wala asitangaze ovyo. Aandike alichofanya na tarehe yake. Na kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, amwonyeshe mjumbe wa chama. Jina kwenye karatasi halijazi sufuria.

Umoja ni nguvu.