Kinachomsaidia Mgonjwa wa Malaria



Mvua zikiisha kuzijaza mbuga zetu za Nzega, na majaruba ya mpunga yakawa mazalio ya mbu, malaria huzidi majumbani. Na hapo ndipo wauza vidonge vya vitamini wanaponadi kwamba bidhaa zao zina antioksidanti, yaani vitu vinavyoukinga mwili na uharibifu wa oksijeni kali, na kwamba mgonjwa akizimeza kwa wingi pamoja na dawa yake, siha yake itarejea upesi. Madai hayo yana sehemu ya kweli, na kwa sababu hiyo yanastahiki kupimwa kwa makini.

Kuichanganyia dawa ya homa vitu vingine si jambo geni katika Unyamwezi. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, mwezi wa Novemba 1857, hali homa zimewatesa njia nzima tangu pwani. Naye msafiri mwingine, Livingstone, aliyekaa Kwihara jirani na Tabora mwaka 1872 akingoja wapagazi, alikuwa mtu wa vidonge alivyovibuni mwenyewe, ambavyo ndani yake mlikuwa na kwinini pamoja na mizizi ya kuharisha na chumvi ya zebaki. Kwinini ilipigana na maradhi. Yaliyosalia yalimharisha mtu aliyekwisha dhoofika, na walakini yalihesabiwa kuwa sehemu ya tiba.

Sasa tutazame hoja yenyewe. Kimelea cha malaria huingia katika chembe nyekundu ya damu, kikala ile rangi yake iliyobeba chuma, na mabaki ya mlo huo huzaa oksijeni kali inayomdhuru mgonjwa. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba kuizima oksijeni hiyo ni kumwokoa mgonjwa, lau si kwamba kimelea nacho huiogopa vilevile, hata kikajitengenezea kinga zake. Na watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao chembe zao ni dhaifu mbele ya oksijeni hiyo, aghalabu hupata hifadhi fulani dhidi ya malaria kali. Fauka ya hayo, artemisinini, dawa itokanayo na mmea wa jamii ya pakanga, ambayo Tu Youyou wa China alituzwa Nobeli kwa ajili yake mwaka 2015, huamshwa na chuma kile kile, ikamuunguza adui kwa nguvu ya namna hiyo hiyo. Na maabarani imedhihirika kwamba antioksidanti zikizidi zaweza kuipunguzia makali. Mfugaji anayechoma majani ya mbuga ili aue kupe hamwagi maji mbele ya moto wake.

Kwa wagonjwa wenyewe ithibati ni haba. Majaribio ya Thailand na Bangladesh, yaliyotangazwa mwaka 2009, yaliwapa wagonjwa 108 wa malaria kali ama antioksidanti iitwayo asetilisisteini, ama dawa bandia, juu ya tiba ya kawaida, na haikuonekana faida. Huko Handeni, matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba zinki na virutubisho vingine havikuwapunguzia watoto homa za malaria. Na Pemba, ambako watoto zaidi ya 20,000 walishiriki, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba waliopewa chuma na asidi ya foliki, ambavyo watu husema vinaongeza damu, walizidi kwa kiasi cha asilimia 12 kufariki au kulazwa hospitali. Hata hivyo, wale waliokuwa na upungufu wa damu hasa, wakaangaliwa vema, walinufaika. Hata mjamzito apewaye kliniki SP, dawa ya kukinga malaria, hushauriwa asimeze asidi ya foliki ya miligramu 5 kila siku, maana huidhoofisha dawa ile; miligramu 0.4 humtosha.

Je, mgonjwa aachwe bila msaada? Hasha. Dawa ya mseto, tuitumiayo Tanzania tangu mwaka 2006, ina sehemu mbili: ya kwanza ni ya jamii ya artemisinini, na ile ya pili, lumefantrini, haifyonzwi vizuri tumboni pasipo mafuta; hivyo basi kikombe cha maziwa, au uji uliotiwa karanga, vitu ambavyo nchi hii ya wafugaji na wakulima haikunyimwa, humfaa mgonjwa kwa kila dozi kuliko chupa ya vidonge ya thamani kubwa. Ubuyu, ukwaju na maembe ni chakula chema, na mwenye kurudiwa na hamu ya kula ale kwa raha yake, maadamu havishiki nafasi ya dawa.

Alhasili, mwenye homa apimwe kwanza. Akikutwa na malaria, ameze mseto mara mbili kwa siku kwa siku tatu, hata kama siku ya pili ameamka mzima. Na mtoto anayeshikwa na degedege, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akapate sindano ya atesunati. Ama vidonge vya vitamini, atakayeviandika ni tabibu aliyekwisha mpima mgonjwa, naye muuzaji wa stendi hana kipimo hicho.