Ng'ombe Akondaye Penye Majani Tele

Leo nataka kuwaeleza habari za mnyama aliye katikati ya malisho mema, naye akonda hata kufa. Mfugaji aonapo jambo hilo huingiwa na fadhaa. Majani ni mabichi, maji yapo, wala hakuna jeraha. Basi pengine huanza kumshuku jirani yake kuwa ndiye mchawi. Kumbe huenda kosa limo katika udongo.

Ugonjwa wa namna hiyo ulionekana zamani kandokando ya Nakuru, katika Kenya, na pia Australia na New Zealand. Ng'ombe na kondoo walipoteza hamu ya kula, manyoya yakaharibika, damu ikapungua, wakabaki ngozi na mifupa. Lakini farasi waliolisha papo hapo hawakudhurika.

Kwanza wataalamu walidhani kilichopungua ni chuma, kwa kuwa udongo fulani wenye chuma uliwaponya wanyama. Huko Australia Magharibi, E. J. Underwood na J. F. Filmer hawakuridhika. Walikitoa chuma katika dawa ile ya udongo, wakawapa wanyama kilichosalia. Nao wakapona vile vile! Basi dawa haikuwa chuma. Wakaendelea kutenga kitu kimoja kimoja, hata mwaka 1935 wakatangaza kwamba kinachoponya ni madini iitwayo kobalti. Huko Australia Kusini, H. R. Marston na E. W. Lines nao walifikia neno lilo hilo.

Mwaweza kuuliza, mnyama ahitaji kobalti kiasi gani? Ni kidogo mno: gramu 1 katika kilo 10,000 za majani makavu yatosha.

Nayo hufanya kazi gani? Mnyama acheuaye ana tumbo kubwa lililojaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huichukua kobalti, vikafanyiza vitamini B12, ambayo ilipatikana katika hali safi mwaka 1948. Vitamini hiyo ikikosekana, damu hupungua, na mwili hauwezi kukigeuza vema chakula kuwa nguvu. Chakula kimo tumboni, na mnyama ana njaa! Farasi hacheui, na haja yake ya kobalti ni ndogo zaidi. Ndiyo sababu alisalimika.

Wafugaji wengi wa kale wa Afrika Mashariki walizoea kupeleka mifugo yao penye udongo wa chumvi, ili wailambe. Desturi hiyo ilikuwa na maana, kwa kuwa madini mengi mnyama hayapati ila katika udongo, au katika majani yaliyoota juu yake. Lakini si kila chumvi ina kobalti. Siku hizi wako wanaochanganya kobalti katika chumvi ya kulamba, au kuitia katika mbolea ya malisho.

Lakini angalieni sana. Minyoo hukondesha, na ndorobo huleta nagana, nayo hukondesha pia. Tena kobalti ikizidi ni sumu. Kwa hiyo msinunue unga wowote kwa kubahatisha. Mwiteni kwanza bwana mifugo, apime damu na majani. Underwood na Filmer hawakuamini neno kabla ya kulijaribu, nasi tufanye vivyo hivyo kabla ya kumshtaki jirani.